Tupokigwe na Kadi Zilizokataliwa

Mpwa wangu Tupokigwe alikuwa na sauti moja tu, ya kugomba. Hata salamu aliigomba. Ukimuuliza, "Umeamkaje, mama?" anakujibu, "Nimeamka, hunioni?" na hapo ujue amefurahi kukuona. Mama yake, dada yangu wa tumbo moja, alikuwa mpole kama mtindi, kwa hiyo hasira ile sijui binti aliitoa wapi. Watu wa Igamba wanasema aliitoa kwa mjomba. Watu wa Igamba husema mengi, na mengi huyasema wakiwa kilabuni.

Nimeamua kumwandika. Waheshimiwa wana watu wao wa kuwaandika, na picha zao hutundikwa maofisini. Karani wa kahawa wa kijiji nani atamwandika? Ni mimi, Asajile, dereva, niliyeishia darasa la nne pale Mbozi Mission. Nisingeishia hapo kama wale walimu wangekuwa na kitu cha kuniongezea.

Ukarani aliupata baada ya Operesheni Vijiji, tulipotolewa kwenye mabonde yetu tukapangwa kwa mistari kama matuta ya viazi. Kijiji kilihitaji mtu wa kuandika nani kaleta kahawa na nani hajaleta. Wanaume waliojua kuandika vizuri tulikuwa wawili. Mmoja alikuwa mlevi, mwingine ni mimi, na mimi nilikuwa barabarani. Wakampa Tupokigwe, ambaye alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuwa ameolewa. Aliolewa baadaye na mwalimu wa kutoka Ileje, mtu mtaratibu, mzito kidogo wa sikio la kushoto, na mpaka leo naamini sikio lile ndilo lililoiweka ndoa.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa ghala la kahawa. Mguu mmoja wa meza ulikuwa matofali. Dirisha lilitazama mzani, ili karani aone uzito bila kunyanyuka, na Tupokigwe alikuwa akipiga kelele dirishani humo tangu asubuhi: toa mguu wako kwenye mzani, toa na wa mkeo, gunia hilo lina mawe au lina kahawa. Vijana wapakiaji walimwita Mkuu wa Majeshi. Hakuchukia. Nadhani alipenda.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo pa kumjua.

Ilikuwa mwaka ule uliofuata vita vya Kagera. Sabuni ilikuwa haionekani, sukari ilikuwa hadithi, dizeli ilitoka kwa kibali. Mimi nilikuwa naendesha lori, Bedford la Ramadhan, mfanyabiashara wa Tunduma, mtu wa Ujiji, na gari lile lilikuwa likinitii mimi peke yangu. Wengine walijaribu, likawazimikia mlimani. Ikaja amri kutoka ofisi ya zao la kahawa kwamba vitabu vya zamani vya wakulima vimekwisha kazi. Kila mwenye shamba la kahawa anaandikwa upya kwenye fomu, fomu inakwenda Dar es Salaam, kule inatobolewa kadi yenye matundu, na kadi inasomwa na mashine. Mashine ikiikubali kadi, mkulima anatambulika. Ikiikataa, hatambuliki, na kahawa yake haipokelewi ghalani msimu huo. Wakasema itarahisisha kazi. Nimeishi muda mrefu, na bado sijaona kitu kinachotangazwa kuwa kitarahisisha kazi kisimtoe mtu jasho.

Kujaza fomu hawakumwachia Tupokigwe. Waliletwa makarani wa muda, na Igamba tukapewa Hamis, kijana wa Tanga aliyekuwa amefikia Tunduma kutafuta maisha. Kiswahili chake kilikuwa kitamu hadi ng'ombe waligeuka kumsikiliza. Alipita nyumba kwa nyumba na viatu vyake vya ngozi, na kwa kuwa alipita mchana, wanaume wako shambani ama mahali pengine ambapo sitapataja, aliwauliza wanawake.

Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mtu aliyefungua shamba. Hilo lilikuwa swali kubwa, maana shamba hufuatwa kwa jina hilo: nani alilivunja pori, nani kalirithi. Na Igamba mashamba mengi ya kahawa yalifunguliwa na wazee, yakaachiwa watoto wa kiume. Kwa hiyo mwanamke akiulizwa nani alifungua, jibu ni baba mkwe wake.

Na mwanamke wa kwetu hamtaji baba mkwe. Hamtaji akiwa hai, hamtaji akiwa kaburini. Akikutana naye njiani hutoka pembeni, akachutama kwenye majani mpaka mzee apite. Jina lake huliweka mbali na ulimi kama unavyoweka kisu mbali na mtoto. Likimtoka, hutozwa faini ya mbuzi kwa nyumba ya mumewe. Sisi hili tunalijua kama tunavyojua kupumua. Hamis wa Tanga angelijulia wapi?

"Mama, shamba hili alilifungua nani?"

"Baba."

"Baba nani?"

"Baba tu."

"Baba yako wewe?"

"Wa kwangu yuko Hasamba, analima mahindi."

Hamis akatazama fomu, akatazama viatu vyake, akaandika BABA. Nyumba ya pili, BABA. Nyumba ya tatu, BABA. Jioni alimsifia Tupokigwe kwamba watu wa Igamba wana ushirikiano mzuri sana. Kesho yake akarudi Tunduma, na baada ya hapo alihamia kwenye biashara ya vitenge vya kutoka ng'ambo, jambo ambalo nalo sitalizungumza kwa sababu baadhi vilipanda gari langu.

Fungu la fomu likapanda treni ya Tazara pale Vwawa. Tukasahau. Kahawa ikaanza kuiva.

Fungu lilirudi ndani ya Bedford, kati ya madebe ya mafuta ya kula na baiskeli ya mchungaji. Kwa hiyo mimi ndiye niliyelileta, lakini dereva hahukumiwi kwa mzigo. Tupokigwe alikata kamba ya katani kwa meno, akasoma kikaratasi cha juu, akakirudia. Kisha akaniuliza taratibu, na alipokuwa akiongea taratibu ndipo ilibidi umwogope.

"Mjomba, hapa kijijini kuna mtu anaitwa Baba?"

"Mimi wananiita hivyo nyumbani."

"Una mashamba mangapi ya kahawa?"

"Moja, na limekauka."

"Basi kuna mwenzako ana theluthi ya kijiji."

Mashine ilikuwa imeona jina moja limerudiwa kwenye mashamba mengi kuliko mtu mmoja anavyoruhusiwa, ikagoma, ikalirudisha fungu zima. Juu yake kulikuwa na barua kwa Mwenyekiti wa Kijiji, Osea, ikimtaka aeleze kwa maandishi imekuwaje kijiji cha ujamaa kikaruhusu mtu mmoja aitwaye Baba kujilimbikizia mashamba namna ile.

Osea alikuja anatweta. Alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa chama kwa pamoja, kofia mbili kichwa kimoja, na zote mbili zilikuwa zinambana.

"Tupokigwe, huyu kabaila ni nani? Wananiuliza mimi. Nitaambiwa ninafuga mirija ya unyonyaji."

"Ni baba mkwe wa kila mwanamke hapa, Ndugu Mwenyekiti. Wake za wanao watatu nao wamesema Baba. Na wewe umo. Kabaila ni wewe."

Osea akaketi juu ya gunia. Nilimchekea usoni kabisa, na akaniambia nikatengeneze gari langu.

Ikabidi wanaume waitwe, mmoja mmoja, waje wataje baba zao. Tupokigwe aliwapanga kwenye baraza, akawagombeza kwa kuchelewa, akawagombeza kwa kuwahi. Fomu zikaandikwa upya, mengine yote yakanakiliwa kama Hamis alivyoyaacha. Treni. Siku zikapita. Fungu likarudi.

Safari hii tatizo lilikuwa mwaka wa kuzaliwa. Hamis alikuwa ameuliza, watu wakamjibu ukweli: nimezaliwa mwaka wa nzige, nimezaliwa mwaka wa njaa ya mihogo, nimezaliwa Wazungu walipokuwa wanapima barabara. Naye akaandika NZIGE. Mashine inataka tarakimu.

"Kwa nini hawakusema mara ya kwanza?" nikamuuliza mpwa wangu.

"Kwa sababu inasema kosa moja tu, Mjomba. Ikiona kosa la kwanza inaiweka kadi pembeni, haisomi tena mbele. Ukirekebisha hilo ndipo inafika kwenye la pili."

"Kama fundi anayekuambia gurudumu la mbele lina pancha, ukiziba anakuambia na la nyuma."

"Fundi nitamtukana. Huyu nimtukaneje? Yuko Dar es Salaam."

Akamtukana hata hivyo, kupitia dirishani, na wapakiaji wakadhani wanaambiwa wao. Kisha akakaa na wazee, nzige wakahesabiwa kurudi nyuma, njaa nayo ikatafutiwa mwaka, na mtu ambaye hakukubaliana na mwaka aliopewa aliambiwa akazaliwe upya. Treni. Na mara ya tatu fungu likarudi.

Sasa ilikuwa imebaki kadi moja tu. Ya Tabita.

Tabita alikuwa mjane. Alitoka Hasamba kuja kuolewa na Efraimu, kijana mchapakazi aliyekuwa kiongozi wa kwaya yetu. Efraimu aliumwa kifua akafa, akamwachia watoto wawili na shamba kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu. Sitanii nikisema lile ndilo shamba lililokuwa linapendeza kuliko yote Igamba. Mibuni imepogolewa, imetandazwa majani ya migomba chini, mtu unaweza kutembea katikati yake na viatu vya kanisani. Aliyelifanya hivyo ni Tabita. Efraimu, Mungu amrehemu, alikuwa stadi zaidi wa kuimba.

Mdogo wake Efraimu ni Raphaeli. Yeye alikuwa na shamba lake bondeni, mibuni imesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa. Msiba ulipokwisha alitaka kumrithi shemeji yake. Tabita akakataa, akasema yeye ni mtu wa kanisa. Raphaeli akasema sawa, basi arudi kwao Hasamba, maana mume hayupo na shamba ni la baba yetu. Alilisema mkutanoni, mbele ya kijiji: huyu si wa kwetu tena, huyu ni mgeni.

Agizo la ofisi lilikuwa hivi: jina la aliyefungua shamba litamkwe na mwenye shamba mwenyewe, au na ndugu wa ukoo ule, mbele ya karani na mashahidi wawili. Wanawake wengine walisemewa na waume zao, wajane wengine na mashemeji zao. Ndugu wa Tabita aliyebaki upande ule alikuwa Raphaeli peke yake. Alipoitwa alisema, "Nitalitaja jina la baba. Lakini mwandike mwenye shamba ni mimi."

Tupokigwe alimfukuza. Kwenye fomu akaacha nafasi ile wazi, akidhani mashine itaipita kama jembe linavyolipita jiwe. Haikuipita; mara ya pili kadi ilikwama kwanza kwenye mwaka, ya tatu ikafika kwenye nafasi tupu. Na kwa kuwa kadi ile ilikuwa ndani ya fungu la Igamba, Igamba nzima ikarudishwa. Aliandika barua, nzuri sana, mimi nilimsaidia maneno, akaomba wazipokee zingine kwanza na hii ifuate. Jibu likaja la mstari mmoja: fungu la kijiji huingia zima au haliingii.

Basi ikawa taabu. Kahawa imemenywa, imeoshwa, imekauka vichanjani, na mahali pa kuipeleka hakuna. Watu wakaingiza magunia ndani, wakalala juu yake. Jikoni kuna moshi, na kahawa inashika moshi kama nguo inavyoshika, daraja linashuka. Kila aliyepita ofisini alimuuliza Tupokigwe lini. Kila aliyekutana na Tabita kisimani hakumuuliza kitu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mimi pia niliudhika. Bedford lilikuwa limekaa na kibali cha dizeli kinakaribia kuisha, na Ramadhan alikuwa ananitumia salamu kutoka Tunduma ambazo hazikuwa salamu.

Osea akaja tena.

"Mwanangu, andika Raphaeli. Mashine inataka jina, ipe jina."

"Nikiandika Raphaeli itapokea," akasema Tupokigwe.

"Ndiyo ninayosema."

"Na ndio ubaya wenyewe, Ndugu Mwenyekiti. Mashine haiujui uongo. Inachojua ni nafasi tupu. Nikiujaza uongo vizuri itaumeza, na baada ya hapo Tabita hana pa kwenda kuutapisha. Akifika ghalani ataambiwa shamba ni la Raphaeli, imesema Dar es Salaam."

"Basi jina la mzee tunalijua sote. Liandike tu."

"Raphaeli ameshaapa akiona nimeliandika bila kutamkwa ataniripoti. Wakija kukagua, mashahidi waseme walilisikia kwa nani? Kadi ikifutwa, shamba linaitwa halina mwenyewe, linakuwa la kijiji. Na wewe unajua la kijiji linavyolimwa."

Osea alijua. Shamba la kijiji lilikuwa nyuma ya ofisi yake, na mbuzi walikuwa wakilisifu sana.

"Kwa hiyo kijiji kizima kikae kwa ajili ya mwanamke mmoja?"

"Mimi nimekaa tangu mavuno kwa ajili ya ninyi nyote," Tupokigwe akajibu, "na hakuna aliyeniletea hata maji ya kunywa."

Nikamletea maji. Akasema ya moto.

Akamwita Tabita. Nilikuwepo, nimekaa kizingitini nikifanya kama natengeneza pampu. Tabita aliingia na mikono yake ya kazi, akaikunja juu ya tumbo.

"Tabita, mimi nimechoka," mpwa wangu akasema. "Liseme hilo jina tumalize. Neno moja."

"Dada karani, wewe ungelisema?"

"Mimi sijaolewa."

"Basi ukiolewa uje unifundishe."

Tupokigwe akaweka kalamu mezani. Ningependa kungekuwa na mtu wa kupiga picha.

"Nikilitaja," Tabita akaendelea, "wanawake hawatanipokea kikombe. Watoto wakiumwa watasema ni mimi. Mume wangu mwenyewe nilikuwa namwita Baba Ketrina, kwa sababu jina lake la pili ni la mzee. Mnafikiri ni kadi. Ulimi wenyewe haukubali."

"Na usipolitaja?"

"Nitarudi Hasamba na watoto wawili kwa kaka ambaye ana wake wawili."

Kisha Tupokigwe akaanza kugomba, lakini hakumgomba Tabita. Aligomba fomu, na aliyeitunga, na mama mkwe wa aliyeitunga kama anaye. Tabita akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Siku ya mwisho wa kibali changu niliwasha gari asubuhi, nikalisogeza hadi barazani ili kila mtu ausikie mlio ajue naondoka na fungu au bila fungu. Watu wakaja na magunia yao hivyo hivyo, wakayakalia, kama vile magunia yangepokelewa kwa kuona huruma. Raphaeli alikuwepo, amevaa koti. Osea alikuwepo, shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili nilikuwa mimi, kwa sababu ni mtu anayeaminika.

"Raphaeli," Tupokigwe akasema kupitia dirishani, "kwa mara ya mwisho. Mtaje baba yako, na mwenye shamba nimwandike Tabita."

"Mwandike Raphaeli, na jina la baba utalipata papo hapo."

"Una shamba lako."

"Shamba la baba halikai na mgeni."

Hapo Tabita akatokea upande wa ghala. Hakuwa na gunia. Alipita kati ya watu, akaingia ofisini, akawapa watu wote mgongo, uso kwenye ukuta, kama anavyosimama mwanamke baba mkwe anapokuwa chumba kile kile. Akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayemwita mtoto aje kula:

"Shamba lilifunguliwa na Lusubilo. Lusubilo alimzaa Efraimu. Mimi ni mke wa Efraimu."

Mimi nilikuwa nimelisikia jina la Lusubilo maisha yangu yote. Tulikunywa naye, alinicheka mara nyingi nilipokuwa kijana. Lakini siku ile lilisikika kama kitu kilichodondoka kutoka darini. Wanawake waliokuwa kwenye magunia waliinamisha vichwa. Mmoja akajifunika uso kwa kitenge. Mimi nikazima gari, maana mlio ulionekana kama utovu wa adabu.

Raphaeli akaruka barazani.

"Mmesikia wenyewe. Amemtaja marehemu baba mbele ya umati, mara mbili. Faini. Nataka mbuzi wa faini kwa nyumba yetu, leo hii."

"Nani alipe?" akauliza Osea.

"Huyu hapa."

"Huyu ni nani?"

"Mwenyekiti, unanichezea? Ni mke wa nyumba ya Lusubilo, mke wa kaka yangu. Mke wa nyumba hamtaji baba mkwe. Kamtaja, alipe."

Tupokigwe alikuwa ameshashika kalamu. "Sema tena polepole, nimepitwa. Ni mke wa nyumba ya nani?"

Na Raphaeli, kwa hasira, akarudia neno kwa neno. Mimi niliuona mtego kabla ya mtu mwingine yeyote pale, muulizeni Osea; akikana, ni wivu. Nikaanza kucheka kwa ndani, tumbo likaniuma.

Osea alivua kofia, akaikunja. Alipokuwa anaongea kama mzee, si kama mwenyekiti, alikuwa mtu mwingine.

"Raphaeli, mdogo wangu. Msiba ulipokwisha ulisimama mkutanoni ukasema huyu ni mgeni. Mgeni hana faini ya jina. Asajile hapa anamtaja baba yako kila siku kilabuni, na hujamdai hata kuku. Faini hii hulipwa na mke wa nyumba, na hulipwa kwa nyumba yake. Kama ni mgeni, hana kosa, mwache aende, na jina la baba yako limetupwa hadharani bure. Kama ni mke wa nyumba, ana kosa, mbuzi ni wako, na shamba la mumewe ni lake. Wewe ndiye mwenye nyumba. Sema."

Raphaeli alitazama watu. Watu walikuwa wamekaa juu ya magunia yao na hawakuwa na haraka naye hata kidogo, walikuwa na haraka na gari. Kuacha jina la baba likatajwa na mkwe bila mbuzi, hiyo ni aibu isiyofutika. Wangemwimbia kilabuni mpaka azeeke, na mimi ningeanzisha wimbo.

"Chukua mbuzi, Raphaeli," mwanamke mmoja akasema bila kuinua kichwa. "Tuondoke."

"Niliyasema ya mkutanoni kwa uchungu wa msiba," akasema Raphaeli hatimaye.

"Siandiki uchungu," akasema Tupokigwe. "Mke au mgeni?"

"Mke."

Tabita akageuka, akatoka, akaenda kwake. Tulingoja. Alirudi akivuta mbuzi wake jike, mmoja tu aliyekuwa naye, na tumbo la mbuzi lilikuwa limeshuka, amebakiza siku chache kuzaa. Alipiga goti, akamkabidhi shemeji yake kamba kwa mikono miwili, bila kumtazama. Raphaeli akaipokea naye bila kumtazama. Wanawake wawili watatu wakapiga vigelegele vidogo, vya kazi iliyokwisha, na yule aliyejifunika akafunua uso.

"Mwenye mimba," Tupokigwe akanung'unika huku anaandika. "Faini ni mbuzi mmoja, kachukua wawili. Hata hapo kapunja. Mjomba, weka sahihi yako, na uandike usomeke, si kama ile ya leseni."

Niliweka sahihi nzuri. Fungu nikalipeleka Vwawa kwa mwendo ambao Bedford halikuwahi kuuona, na safari hii treni haikulirudisha. Kilichorudi ni karatasi iliyosema Igamba imekubaliwa, bila pole wala ahsante. Tupokigwe aliigeuza nyuma kuona kama kuna kosa lingine limefichwa huko.

Ghala likafunguliwa. Foleni ilizunguka mpaka kwenye shamba la kijiji. Kahawa ya wengi ilishuka daraja kwa moshi, watu wakalalamika, na mpwa wangu akawalalamikia zaidi. Tabita aliweka magunia yake kwenye mzani. Wale aliokuwa akiwaogopa hawakumsalimia vizuri, lakini mmoja alimsaidia kunyanyua.

Tupokigwe alitoa kichwa dirishani, kalamu sikioni. Utaratibu mpya ulimtaka amuulize kila mkulima upya kabla ya kupokea, naye kwa utaratibu alikuwa kama mkoloni.

"Jina la mwenye shamba?"

"Tabita."

"Aliyelifungua?"

Tabita akafunga vizuri mdomo wa gunia la mwisho, akakung'uta mikono.

"Umeshaliandika, dada karani," akasema. "Mimi sina mbuzi mwingine."